Miwani Iko Wapi?

Somo la kujadili katika kikundi

LENGO LA SOMO: Baada ya somo hili wanakikundi waweze kueleza kwa nini macho hushindwa kusoma karibu baada ya miaka 40, kutunza miwani isipotee ovyo, na kupanga jinsi kazi ya kikundi itakavyoendelea hata miwani ya mtu mmoja ikikosekana.

1. Shida yenyewe

Wapendwa wanakikundi, jambo hili nyote mmeliona. Siku ya mkutano imefika, pesa ziko mezani, daftari limefunguliwa. Mama mweka hazina anapapasa mkoba, anapapasa mfuko wa sweta, anaangalia chini ya kiti. Miwani hakuna. Watu wanacheka, mmoja anasema, "Mama, si iko kichwani!" Siku nyingine kweli iko kichwani. Lakini siku nyingine imebaki kwenye matatu, na hapo kicheko kinaisha. Mtu mwingine anachukua kalamu aandike, naye mweka hazina anaweka sahihi pale anapoonyeshwa kwa kidole.

Shida iko hapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ambalo mwenye kulishika hawezi kulisoma lina tofauti gani na kukosa daftari? Hatusemi aliyeandika ni mwizi. Tunasema mweka hazina hana njia ya kujua. Na simu ni hivyo hivyo: ujumbe wa M-Pesa umeingia, mwenye simu haoni, anampa kijana amsomee na kumpigia hesabu. Mwisho anampa na namba ya siri.

2. Kwa nini macho hubadilika

Ndani ya jicho kuna lenzi ndogo. Ukiwa kijana ni laini, nayo hujibadilisha umbo ili uone karibu na mbali. Miaka ikisonga inakuwa ngumu. Kuanzia miaka 40 hivi mtu anaanza kusukuma daftari mbali ndipo alisome. Hii si laana wala si ugonjwa. Humpata karibu kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani walikuwa na shida hii bila kupata msaada, na msaada wenyewe mara nyingi ni miwani tu.

Sasa tazameni viongozi mliowachagua. Wengi wao ni watu wa umri huo.

Kuna wanaosema, "Ukianza miwani, macho yatazoea na kuharibika." Si kweli. Lenzi itaendelea kuwa ngumu uvae au usivae. Anayekataa miwani anajinyima kazi bure. Mwaka 2018 kulitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachumaji chai 751 wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu walipita wenzao kwa uchumaji kwa zaidi ya asilimia 20. Ndugu zetu wa Limuru na Kericho wanajua maana ya kilo hizo. Hapa kwetu Kilimani, fundi wa cherehani wa soko la Toi anajua maana ya kutafuta tundu la sindano jioni.

3. Kwa nini miwani hupotea

Kofia huvaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni. Miwani ya kusomea sivyo. Ukitazama mbali nayo unaona ukungu, kwa hiyo unaivua. Ukipewa karatasi unaivaa tena. Kila mara unapoivua, mkono huiweka popote palipo karibu: juu ya friji ya mwajiri, ukingoni mwa dirisha, kitandani. Halafu mtu anaikalia. Mwenye miwani ya kuonea mbali ana taabu zaidi, kwa maana akiiangusha anaitafuta kwa macho yale yale yasiyoona.

4. Mambo yanayosaidia

Haya tumeyaona yakifanya kazi katika vikundi vya hapa Kilimani:

(a) Kamba shingoni. Uzi wa kufuma unatosha. Miwani ikivuliwa inabaki kifuani.

(b) Mahali pamoja pa kulala. Kila usiku iwekwe pale pale, juu ya kimo cha watoto.

(c) Mfuko wa rangi kali. Fundi anaweza kuushona kwa vipande vya nguo. Mweusi hauonekani ndani ya mkoba.

(d) Vua kwa mikono miwili. Mkono mmoja hupanua fremu, nayo huanza kuteleza puani.

(e) Vioo visielekee chini, na usivipanguse kwa leso kavu. Vumbi hukwaruza. Osha kwa maji safi na sabuni kidogo.

(f) Kaza skurubu mapema. Pini itakusaidia siku mbili tatu. Gundi kali ikigusa kioo huacha doa lisilotoka.

(g) Miwani ya akiba ya kikundi. Nunueni miwani mitatu ya kusomea, namba +1.50, +2.00 na +2.50, ikae ndani ya sanduku la daftari wala isitoke. Akiba haiozi.

5. Kabla ya kununua

Nenda na daftari lako. Lishike pale unapolishika kila siku, ujaribu namba ndogo kwanza. Ile ndogo inayokuwezesha kusoma bila kukaza macho ndiyo yako. Ya jirani haitakupofusha, ila inaweza kukuumiza kichwa.

Lakini miwani ya dukani haitibu kila kitu. Ukungu usioondoka huenda ni mtoto wa jicho. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona pole pole bila maumivu. Mwenye ugonjwa wa sukari apimwe macho kila mwaka. Macho yakiuma sana au yakififia ghafla, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sisi wa Kilimani tuko karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na upande wa Kikuyu kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA. Walio mashambani waulize katika hospitali ya kaunti.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeweka sahihi bila kusoma? Anaona haya kusema?
2. Ni nani anayejua namba ya siri ya mwenzake kwa sababu ya macho?
3. Miwani ya akiba itanunuliwa kwa mfuko gani, na nani ataitunza?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi wa miaka 40 na zaidi asome ukurasa mmoja wa daftari la kikundi kwa sauti. Atakayeshindwa asichekwe. Katibu aandike jina lake, na kikundi kipange siku ya kwenda naye kupimwa macho.