Somo la Robo Hii: Kuweka Balbu za LED kwenye Breki na Indiketa za Gari la Zamani

Magari mengi ya parokia ni ya zamani, nayo hubeba watu: mgonjwa usiku, wanakwaya, mafundi wa kisima. Je, inafaa kutumia fedha za matengenezo kununua balbu za LED? Tunasema inafaa, mradi kazi isiishie kwenye balbu.

Faida yake

Balbu ya kawaida ya breki hutumia wati 21. Ya LED hutumia wati chache tu, wala haina waya mwembamba wa kukatika kwa mitikisiko ya barabara mbovu. Tena huwaka papo hapo. Ile ya kawaida huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga kamili. Gari linalofuata kwa kilomita 80 kwa saa huwa limekwenda zaidi ya mita 4. Mita hizo zaweza kuwa uhai wa waliokaa kiti cha nyuma.

Tatizo la flasha

Flasha ndiyo inayofanya indiketa iwake na kuzima. Nyingi za zamani huendeshwa na joto la umeme unaopita ndani yake. LED hupitisha umeme mdogo, hivyo flasha huweza kuacha kupiga kabisa. Nyingine, za kielektroniki, hupiga mbio kana kwamba balbu imeungua.

Dawa bora ni flasha ya kielektroniki isiyotegemea wingi wa umeme wa balbu. Wengine hufunga rezista ya omu 6. Kwa volti 12 hiyo hula wati 24 na kupata moto mkali. Isiguse plastiki wala nyaya.

Hatua za kufuata

1. Pimeni volti kwanza. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani ni za volti 24, si 12.
2. Kwa kioo chekundu nunueni LED nyekundu. Kwa kioo cha rangi ya machungwa, LED ya rangi hiyo.
3. Safisheni kutu kwenye soketi na kwenye waya wa athi.
4. Ikiwa dashibodi ina taa moja ya indiketa kwa pande zote mbili, pande zote zaweza kuwaka pamoja. Fundi aiunganishe na athi akitumia diodi mbili.
5. Jaribuni mchana wa jua kali. Mmoja akanyage breki huku taa ndogo zikiwaka, mwingine asimame mita 30 nyuma. Asipoona tofauti iliyo wazi, rudisheni balbu za zamani.

Maswali kwa kamati

- Nani hukagua taa kabla ya safari ya usiku?
- Je, wakaguzi wa magari wa eneo letu wanakubali badiliko hili?
- Je, makisio tunayowapelekea wafadhili yametaja flasha na ujira wa fundi, au balbu peke yake?