Kiu Penye Mvua: Niliyojifunza kwa Mimea ya Rweya

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Kwa tarakimu hizo peke yake, utadhani anayetaka kujua mimea inavyostahimili ukame lazima apande basi aende huko Dodoma kutazama mibuyu ya Ugogoni. Mimi ni mtoto wa Muleba, na kazi yangu ni kulea miche ya maua na miti hapa Bukoba, mkoani Kagera. Mengi ninayoyajua kuhusu mimea na kiu nimeyapata nyumbani, kwenye nyasi ambazo wengi wetu huzipita bila kuzitupia jicho. Nayaandika kwa sababu nyasi hizo zinatoweka upesi.

1. Mvua ya mawinguni na maji ya mzizini ni vitu viwili

Asiyeijua Buhaya, nchi yetu Wahaya, aelezwe kwanza. Nyumba huzungukwa na kibanja: migomba, mibuni, maharage chini yake, na juu miti kama omuhumula na omushambya. Hapo kuna kivuli na udongo mweusi. Ukivuka mpaka wa kibanja, pengine hatua chache tu, umefika rweya: nyasi, mawe, na vichaka vya hapa na pale. Mvua inayonyesha huku ndiyo inayonyesha kule. Lakini panda mgomba rweya bila mbolea, uone utakavyodumaa.

Sababu iko chini. Sehemu kubwa ya miinuko yetu, kutoka Bukoba hadi Muleba, imekaa juu ya miamba ya mawe ya mchanga. Udongo wake ni wa kichanga, na mahali pengi ni mwembamba. Jembe halizami sana kabla halijagonga jiwe. Udongo wa namna hiyo ni kikombe pale ulipohitaji mtungi: hujaa haraka, hukauka haraka. Tena mvua yenyewe, kwa maelfu ya miaka, imeuosha virutubisho na kuuachia tindikali. Jambo hili bado linanishangaza kila nikilifikiria: mvua nyingi ndiyo iliyoifukarisha rweya. Mmea unaoota pale huloa chapachapa asubuhi, na jua likiwaka siku chache mfululizo tayari una kiu.

Na mvua haigawiwi sawa. Kadiri unavyoliacha Ziwa Victoria na kwenda magharibi, ndivyo inavyopungua. Muleba hiyohiyo ina mwambao wenye migomba iliyonawiri, na upande wa pili, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, unakutana na pori kavu lenye migunga.  

2. Jani linasema shida ya mmea kabla mkulima hajasema

Majani ya rweya ni membamba, magumu, mengine yana manyoya mafupi yanayokwaruza kiganja. Ukame unataka jani la hivyo, lisilopoteza maji ovyo. Ufukara wa udongo nao unataka hivyohivyo, kwa kuwa mmea uliopata chakula kwa shida hauwezi kujenga jani laini la kuliwa na kila mdudu. Jani moja lazima lidumu.

Mgomba uko upande wa pili kabisa. Jani lake ni pana kupita kiasi, na mizizi yake haiendi chini sana. Hata hivyo una mbinu yake. Julai, mwezi wetu mkavu, simama kibanjani saa saba mchana utazame jani moja tu. Nusu zake mbili huinama kutoka kwenye uti wa kati na kukaribiana kwa chini, jua lisiupige upana wote. Kwenye makutano ya uti na jani kuna ukanda mwembamba wa rangi iliyopauka kidogo. Hapo ndipo jani linapojikunjia maji yakipungua. Jua likishuka, jani hufunguka tena.

Tofauti hii ina thamani kubwa kwetu. Jani la kiu hujikunja mchana na kurudi jioni likiwa kijani. Jani linalogeuka njano, likanyauka na lisirudi, huku ndizi zikiiva kabla ya wakati na ndani zikiwa na rangi ya kutu, hilo ni suala jingine: ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Tanzania mara ya kwanza mwaka 2006, hukuhuku Muleba. Huo hautibiwi kwa maji.

3. Kuna mimea inayopumua usiku, na tunaila

Kila jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hewa ukaa ambayo mmea unaitumia kutengeneza sukari huingilia hapo, na mvuke wa maji hutokea hapohapo. Mchana wa jua kali mmea uko njia panda: ukifungua, unapoteza maji, ukifunga, unashinda njaa. Maharage na mibuni hufungua mchana na kulipa gharama. Baadhi ya mimea ya nchi kavu imepata njia nyingine. Hufungua usiku, hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, huikamata hewa ukaa na kuihifadhi ndani ya jani kama asidi. Kukipambazuka hufunga vitundu, na mwanga wa mchana huigeuza akiba ile kuwa sukari.

Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliligusia jambo hili katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1815. Aliona kwamba majani ya mmea fulani ni makali kwa uchachu asubuhi, lakini kufikia mchana hayana ladha yoyote. Mmea wenyewe ni ule unaootesha vitoto pembezoni mwa jani, na hapa Bukoba kaya nyingi zinao uani. Msiuonje, jamii yake ina sumu. Lakini kila nikiupita asubuhi nakumbuka kwamba jani lile limekesha likifanya kazi.

Sasa hesabu walio pamoja naye. Mshubiri, ambao wengi wanauita alovera. Mkonge. Mnyaa wa uzio. Na hawa wawili ambao watu wa Kagera wanawategemea kwa fedha: nanasi na vanila. Nanasi, lenye majani yaliyopinda kama mfereji ili umande na manyunyu yateremke hadi kwenye shina, hustahimili udongo ambao mahindi yangeukataa, ndiyo maana utaliona likipandwa mpaka kwenye ardhi ya rweya. Vanila ni okidi kutoka misitu ya Meksiko, na inatambaa kwenye vivuli vya vibanja vyetu, nayo ina mbinu hiyohiyo ya jangwani.

Mbinu hii ina bei yake. Mmea unaobana matumizi hivyo hauna haraka. Mnanasi hukaa mwaka na nusu hivi kabla ya kuleta tunda, na mwenye pupa huishia kuulaumu udongo.

4. Kufanana si undugu

Mnyaa na dungusi huwachanganya wateja wangu wengi, na hawana kosa: yote miwili ina mashina ya kijani yaliyochukua kazi ya majani. Lakini dungusi asili yake ni Amerika, na mnyaa ni wa Afrika. Ukame umeifinyanga kwa umbo moja katika mabara mawili. Ukikata mnyaa unatoa utomvu mweupe unaoweza kuumiza macho vibaya sana. Mwenye watoto wadogo aujue kabla ya kuupanda mlangoni.

5. Jangwa jingine liko juu ya mti

Kwenye matawi ya miti mikubwa ya vibanja vya zamani huota okidi ndogo za porini. Mtu akiziona hudhani zinanyonya mti. Hazinyonyi, zimeshika gome tu. Huko juu hakuna udongo kabisa. Mvua inanyesha, maji yanateleza, upepo wa ziwa unapuliza, na baada ya saa chache gome limekauka. Kwa mzizi wa okidi, tawi la mti wa Bukoba ni jangwa linalonyeshewa.

Tazama mzizi huo kwa karibu. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha, karibu nyeupe. Umwagie maji kidogo, nao hugeuka kijani mbele ya macho yako. Ile fedha ni gamba la seli zilizokufa, tupu ndani, linalofyonza maji kama sifongo yanapopita, kisha kuyapenyeza polepole hadi kwenye kiini kilicho hai. Maji yakijaa gamba hupitisha mwanga, na ndipo kijani cha ndani kinapoonekana. Sijui mmea wowote wa bustani wenye jambo zuri kupita hilo.

Ndiyo maana okidi iliyopandwa kwenye kopo la udongo mzito hufa. Funga yako kwenye kipande cha gome, mahali penye mwanga usio wa moja kwa moja, na uiache mizizi ipigwe na hewa.

6. Kinachoungua si mmea wote

Kila kiangazi rweya huchomwa, mara nyingi ili ng'ombe wapate majani mabichi. Baada ya moto panatisha: majivu na mawe. Mvua za vuli zikianza, kijani kinarudi haraka ajabu, kwa kuwa tumba za nyasi zimekaa usawa wa ardhi au chini yake, na akiba ya chakula iko mizizini. Maua mengi ya mwanzo hutoka kwenye vitunguu na matunguu yaliyolala chini msimu wote.

Hilo lisitupe ruhusa ya kuchoma kila mwaka. Tumba hubaki hai, lakini majani makavu ambayo yangeoza na kuupa udongo uwezo wa kushika maji yanageuka moshi. Udongo ambao ulikuwa maskini tunauzidishia umaskini, na jambo hili linaniuma.

7. Mzizi uliozoea kiu huuawa na maji

Waridi la jangwani, lenye shina nono na maua ya waridi, linapendwa sana mjini. Porini huota sehemu kavu za Tanzania, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale kwa utomvu wake. Hapa Bukoba adui yake ni masika. Lipande kwenye chungu chenye matundu ya kutosha, theluthi mbili mchanga mkubwa na changarawe, liweke chini ya upenu ambapo jua linafika na mvua haifiki. Mwezi Aprili usilimwagilie kabisa. Shina likibonyea kidogo kwa kidole, lina kiu. Likiwa laini na kuchuruzika chini, ni uozo.

8. Kibanja ni kazi ya mikono

Rutuba ya kibanja haikushuka na mvua. Ng'ombe walilishwa rweya, samadi ikaletwa migombani; nyasi zikakatwa rweya, zikatandazwa chini ya migomba, kizazi baada ya kizazi. Funua matandazo hayo mchana wa Julai: juu nyasi zinavunjika mkononi, chini yake udongo ni baridi, mweusi, na mizizi myeupe ya mgomba imepanda mpaka juu kabisa ikitafuta unyevu huo.

Sasa ng'ombe wamepungua, na rweya nyingi zimepandwa mikaratusi na misindano. Simlaumu anayepanda miti ya kuuza, ada za shule hazingoji. Lakini nyasi za matandazo zinazidi kuwa adimu, na ni lazima zipatikane kwingine. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku walishajaribu mimea ya jamii ya marejea na utupa, inayostahimili udongo mchovu na kuurudishia naitrojeni. Mimi huipanda pembezoni mwa kibanja vuli inapoanza, naikata kabla mashina hayajakomaa, na kuitandaza kati ya mistari. Acheni nafasi ya futi moja hivi kuzunguka kila shina la mgomba, maana fukusi hupenda kujificha kwenye unyevu uliogusana na shina.