Kuzunguka Ukerewe kwa Gari la Kulala

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wameniomba mara mbili niwaandikie habari za safari yangu ya likizo. Nimekubali, kwa sharti kwamba wataifungua ramani ya Ziwa Viktoria mbele yao wanaposoma.

Tazameni Mwanza, kisha Ukerewe. Kwa maji, toka Mwanza mpaka Nansio ni yapata km 45 tu. Sisi tuliizunguka Ghuba ya Speke kwa barabara, tukapita Magu, Lamadi, Bunda na Kibara hata Kisorya, zaidi ya km 200. Mtauliza, taabu yote hiyo ya nini? Sababu ni gari. Shemeji yangu alinunua Hiace kuukuu iliyokuwa daladala, akang'oa viti, akaunda kitanda cha mbao, na chini yake mahali pa jiko la mkaa, masufuria na madumu ya maji. Alitaka kulala kila usiku mahali papya bila kulipia nyumba ya wageni. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 11. Wanawake walilala kitandani. Sisi wanaume tulipewa mkeka nje, na mbu wa ziwani mnawajua.

Tulifika Kisorya jua likikaribia kuchwa. Mbele yetu ulikuwa mlango wa maji wa Rugezi, upana wake yapata km 4, na ng'ambo ndiyo Ukerewe. Kivuko cha mwisho cha siku ile kilikuwa kimejaa. Hapa naungama kosa langu. Nilimwendea kijana aliyesimama langoni, nikamwambia kuwa mimi ni mwalimu, kwamba gari letu ni dogo, na kwamba nina mtoto. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu. Nafasi imekwisha. Mtavuka kesho asubuhi." Nikapandisha sauti. Hakubadili neno. Tukalala Kisorya, nami nikalala na hasira.

Asubuhi tulivuka. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika maziwa ya Afrika, eneo lake yapata km za mraba 530, na watu wa misafara ya zamani waliliita ziwa lote kwa jina lake. Barabara yapita katikati ya mashamba ya mihogo, mpunga na michungwa, na penye mawe makubwa ya matale kama haya yetu ya Mwanza. Nansio tulinunua dagaa na machungwa. Tulimkumbuka pia Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu chake cha Kiswahili kilipigwa chapa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Anayelalamika kwamba insha yake imechelewa kusahihishwa na afikiri juu ya hilo.

Siku ya tatu tulifika Bugolora, upande wa kaskazini. Toka pale kisiwa cha Ukara chaonekana wazi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alituonyesha kwa kidole mahali kilipopinduka kivuko MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 1918 la, nisahihisheni: 2018. Kivuko kilikuwa na nafasi ya abiria 101. Waliokufa walizidi 200. Tena kilikuwa kimekwisha karibia gati ya Ukara.

Binti yangu akauliza, "Baba, mbona kilipinduka karibu na nchi kavu?"

Swali hilo lastahili jibu la darasani. Chombo kikiinama kidogo, maji husukuma kwa nguvu zaidi ule upande uliozama, nacho hurudi kusimama sawa. Lakini hurudi tu ikiwa uzito umekaa chini na katikati. Watu waliosimama ni uzito ulio juu. Na gati inapokaribia, kila mtu hubeba mzigo wake akasogea upande wa kushukia.

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Wekeni kopo bapa la samaki, lililo tupu, juu ya maji katika karai. Tieni kokoto kumi: limetulia. Ongezeni mpaka ukingo wa kopo ubaki juu ya maji kwa unene wa kidole. Sasa sogezeni kokoto chache upande mmoja. Hamtahitaji upepo.

Sisi tulilifanya pale pale mwaloni, kwa karai letu la kuoshea vyombo. Binti alisogeza kokoto kwa mkono wake, kopo likainama, likazama. Yule mzee alitazama, asiseme kitu, kisha akarudia nyavu zake.

Siku ya nne tulirudi Rugezi. Kijana yule yule alikuwa zamu. Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu na shemeji, nikampa machungwa sita. Akacheka, akayapokea, akatazama nyuma yake kivukoni, akatuambia tungoje safari ya pili.