Utando wa Kijani kwenye Mfuko wa Risasi

*Mkusanyaji mmoja anauliza kama utando wa kijani unaozunguka vifungo vya mfuko wake wa risasi, wa ngozi, wa jeshi la Uingereza, toleo la 1914, ni kuvu.*

Si kuvu. Ni kutu ya shaba, ambayo hutokea mafuta yaliyomo ndani ya ngozi yanapokutana na shaba ya vifungo, kwa hiyo kuongeza mafuta, kama wauzaji wengi wanavyoshauri, ni kuilisha. Kutu hiyo, laini kama nta, ikwanguliwe taratibu kwa kijiti cha mwanzi na kufutwa kwa kitambaa kikavu, kisha mfuko ujazwe karatasi isiyo na asidi ili usikunjamane. Unga mwekundu ukibaki vidoleni, ngozi yenyewe inaoza, na hapo aonwe mhifadhi wa makumbusho.