Je, Tuharakishe Kulipa Deni la Nyumba?



Jumapili moja baada ya ibada, kijana mmoja wa parishi yetu alinifuata chini ya mwembe. "Shikamoo, mwalimu. Nimepandishwa cheo, na kila mwezi sasa tutabakiwa na shilingi 100,000. Mke wangu asema tuziongeze kwenye deni la nyumba. Mimi naona tuweke akiba. Nani ana haki?" Nikamjibu, "Marahaba. Nyote wawili. Njoni na daftari." Somo nililowapa ndilo hili.

Wazee wanaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1995. Baada ya hapo wengi wetu tulijenga tofali kwa tofali. Ilikuja sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, kisha kampuni ya TMRC mwaka 2010, ambayo huzipa benki fedha za muda mrefu za kukopesha. Kwa hiyo vijana wetu wanaingia katika deni la miaka mingi ambalo wazazi wao hawakulijua. Yawapasa kulielewa.

1. Deni linavyokwenda

Vijana hawa wamekopa majuzi shilingi milioni 40, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15. Rejesho lao ni kama shilingi 560,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 500,000. Maana yake, katika fedha zote walizolipa, ni kama 60,000 tu zilizopunguza deni lenyewe! Mwezi unaofuata riba hupungua kidogo, na sehemu inayopunguza deni huongezeka kidogo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wakienda mwendo huo miaka yote 15, watakuwa wamelipa karibu milioni 101.

2. Kazi ya nyongeza

Nyongeza haigawanywi na riba. Yote hukata deni lenyewe, na kilichokatwa hakizai riba tena. Wakiongeza 100,000 kila mwezi tangu mwanzo, watamaliza kwa miaka 9 na miezi 7, na kuokoa zaidi ya milioni 25. Kulipa deni la asilimia 15 ni sawa na kupata faida ya asilimia 15 bila mashaka. Basi mke ana haki: dawa ya deni ni kulipa.

3. Mambo matatu ya kutazama kwanza

(a) Madeni mengine. Kama kuna deni lingine lenye riba kubwa zaidi, lianze hilo.

(b) Akiba. Iwepo fedha ya kutosha walau marejesho ya miezi mitatu, mahali inapopatikana upesi.

(c) Mkataba. Someni kama kuna tozo ya kulipa mapema. Ulizeni pia riba inahesabiwaje. Kama ilipigwa mara moja juu ya mkopo wote, nyongeza huenda isiwape nafuu yo yote. Tena andikieni benki barua kwamba nyongeza ipunguze deni la msingi, isiwekwe kama rejesho la mwezi ujao. Ombeni taarifa ya salio kila mara.

4. Kosa langu mwenyewe

Nilipostaafu nilichukua karibu kiinua mgongo chote nikakimwaga kwenye deni la nyumba yetu. Nilijiona mwerevu. Hata barua sikuandika, na benki ikazihesabu fedha zile kuwa marejesho ya miezi ya mbele. Kabla mwaka haujaisha, mke wangu akaanguka kisimani akavunjika paja. Nyumba ilikuwepo, lakini matofali hayapelekwi kwenye dirisha la malipo hospitalini. Nilikimbilia mkopo wa mtaani, ule uitwao kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Nimefundisha hesabu walimu wa nchi hii miaka zaidi ya 30, na hesabu ile ilinishinda. Mke wangu alipona. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Basi mume naye ana haki: akiba haiozi.

5. Uamuzi wao

Walikubaliana hivi. Miezi 17 ya kwanza wataweka akiba zile 100,000, mpaka zifike milioni 1.7, yaani marejesho matatu. Mwezi wa 18 wataanza kuongeza kwenye deni. Kwa njia hii watamaliza kwa miaka 10 na miezi 5, na kuokoa kama milioni 20. Ile milioni 5 wanayoikosa ndiyo bei ya kulala usingizi. Mimi niliilipa kwa njia nyingine, na ilikuwa ghali zaidi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Salio la deni letu leo ni kiasi gani, na riba yake ni asilimia ngapi?
2. Mshahara ukikatika, tutaweza kulipa miezi mingapi?
3. Je, mume na mke wote wawili wameusoma mkataba?

Anayetaka kuhesabiwa lake, aje na karatasi zake. Nipo chini ya mwembe kila Jumapili.