SOMO LA GEREJI: GARI LIKIINULIWA, PEMBE ZA PROPELA ZIPIMWE



Katika gereji za Katwe, Ndeeba na Eneo la Viwanda hapa Kampala, magari yanayovuta kwa magurudumu manne huletwa ili yainuliwe. Mwenye gari anataka lipite matope ya Bwindi na mito ya mchanga ya Karamoja. Springi ndefu zinafungwa, gari linasimama juu, na tajiri anafurahi. Baada ya muda propela inatetemeka, kisha krosi inakatika njiani. Hapo swali la ofisini huwa moja tu: nani alikuwa anaendesha?

Sisi tunasema lipo swali la kutangulia hilo: baada ya gari kuinuliwa, nani alipima pembe? Somo hili ni la makanika na la dereva pia, maana wote wawili hula hasara ya kazi isiyopimwa.

KWA NINI PROPELA INATETEMEKA

Propela huchukua nguvu kutoka transifa na kuipeleka kwenye difu. Kila mwisho ina krosi, yaani kile kiungo chenye mikono minne na beringi ndogo ndani. Krosi huwezesha propela kuzunguka hata ikiwa imeinama. Lakini krosi ina tabia moja. Ikifanya kazi katika pembe, upande unaosukuma huzunguka sawasawa, lakini upande unaosukumwa hukimbia kidogo kisha hupungua kidogo, mara mbili katika kila mzunguko.

Pembe ikiwa digrii 3, mwendo hupanda na kushuka kwa sehemu 1 au 2 tu katika 1,000. Ikiwa digrii 10, ni kama sehemu 15. Ikifika digrii 20, ni kama sehemu 60. Tuchukue gari lenye tairi la mzingo wa mita 2.4 na difu ya 4.1. Likienda kilomita 80 kwa saa, propela huzunguka zaidi ya mara 2,200 kwa dakika. Basi mshtuko huo hupigwa zaidi ya mara 4,400 kila dakika. Chuma gani kitavumilia?

Dawa yake ni krosi ya pili. Pembe ya mbele na ya nyuma zikiwa sawa, kile kilichoongezwa na krosi ya kwanza hupunguzwa na ya pili, na difu hupokea mwendo laini. Pia mikono ya propela iliyoshika krosi ielekee upande mmoja, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Kwa hiyo kabla ya kuichomoa propela ya vipande viwili, piga alama ya rangi kwenye vipande vyote.

KUINUA KUNABADILI NINI

Tairi kubwa huinua ekseli na chesisi pamoja, kwa hiyo pembe za propela hazibadiliki. Springi ndefu huinua chesisi na kuiacha ekseli chini. Hapo ndipo propela inainama zaidi. Kama kati ya krosi na krosi kuna sentimita 100, kuinua kwa sentimita 5 huongeza karibu digrii 3. Kama ni sentimita 60 tu, kuinua kule kule huongeza karibu digrii 5. Propela fupi ndiyo huumia kwanza.

NAMNA YA KUPIMA

Vifaa havina gharama: protrakta ya mtoto wa shule, uzi, nati ya kuwa timazi, na skwea ya seremala. Funga uzi katikati ya protrakta, ning'iniza nati. Ukiegemeza upande ulionyooka kwenye kitu kilicholala sawa, uzi husoma 90. Tofauti na 90 ndiyo mwinamo.

1. Simamisha gari mahali tambarare, juu ya magurudumu yake, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Usiliinue kwa jeki ya chesisi, maana ekseli itaning'inia na vipimo vitakudanganya.

2. Zuia magurudumu yote kwa magogo. Ndugu, hili lishikeni sana. Katika Land Rover za Series na Defender za zamani, breki ya mkono hushika kwenye transifa, haishiki magurudumuni. Ukifungua propela ya nyuma, unaweza kuwa umeifungua breki yenyewe, na wewe umelala chini ya gari.

3. Pima mwinamo wa propela ikiwa bado imefungwa.

4. Fungua propela. Egemeza skwea kwenye uso wa flenji ya transifa na upime kwa mkono wake uliolala. Fanya vivyo hivyo kwenye flenji ya difu.

5. Andika namba zote tatu, kisha toa.

Mfano: transifa imeinama kuelekea nyuma digrii 4, propela digrii 11, difu digrii 1. Krosi ya mbele inafanya kazi katika pembe ya 11 toa 4, yaani 7. Ya nyuma ni 11 toa 1, yaani 10. Hazilingani. Mdomo wa difu unatakiwa upande digrii 3, ili nyuma nako iwe 7. Tofauti ya pembe mbili isizidi digrii 1.

Hata hivyo kulingana peke yake hakutoshi. Pembe kubwa hula beringi hata zikiwa sawa, kwa hiyo anayetaka kwenda juu sana aelezwe mapema. Wala usitafute sifuri: beringi za krosi zinahitaji pembe ndogo ili zizunguke na kupata grisi.

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Kwenye springi za vyuma bapa tunatumia kabari za chuma, kati ya springi na kikalio chake kwenye ekseli. Ikiwa springi iko juu ya ekseli, kabari yenye unene nyuma hupandisha mdomo wa difu. Ikiwa springi iko chini ya ekseli, unene uwe mbele. Kabari ya mbao, au kipande cha bati kilichokunjwa, si kazi ya fundi. Weka yubolti mpya, na uzikaze tena baada ya gari kutembea kidogo.

Ikiwa upande wa transifa kuna krosi mbili zilizoungana, kanuni ni nyingine: hapo mdomo wa difu uelekee moja kwa moja kwenye propela.

Angalia pia urefu. Gari likiinuka, propela hujivuta, na meno yake ya kuteleza hubaki yameshikana padogo. Yakichomoka njiani, hakuna dereva atakayelizuia chuma lile.

Kwa ekseli ya mbele tuwe waangalifu zaidi. Ukipandisha mdomo wa difu ya mbele unapunguza kasta, na usukani huanza kutangatanga barabarani. Tena magari hayafanani. Land Rover One Ten ya mwaka 1983 na Defender zilizoifuata huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo propela ya mbele haipumziki hata kwenye lami.

HAKI YETU KATIKA JAMBO HILI

Tulisimamia shauri la dereva mmoja wa kampuni ya kubeba watalii. Alikatwa mshahara kwa krosi iliyovunjika, naye akamlaumu makanika, makanika akamlaumu yeye. Tulipopima tulikuta mbele digrii 7 na nyuma 12. Springi ziliagizwa na ofisi, na ofisi hiyo hiyo ilikataa kununua kabari. Namba zile zilipowekwa mezani, fedha zilirudishwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimwachii mwajiri akate mshahara apendavyo. Pia inataka mfanyakazi anayetuhumiwa kosa asikilizwe kabla ya kufukuzwa, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Lakini sheria huhitaji ushahidi, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kila gari linaloinuliwa liandikwe: tarehe, kimo kilichoongezwa, pembe kabla na baada, na nani aliagiza. Makanika atie sahihi, na dereva apewe nakala. Kama mwenye gari amekataa kabari, hilo nalo liandikwe.

Madereva wa Uganda waliunda chama chao mwaka 1938, wakijua kwamba mtu mmoja peke yake hasikilizwi. Dereva na makanika wasigombanishwe kwa krosi ya chuma. Kila tawi na litafute protrakta moja na daftari moja, na kazi ianze.