Mtoa Huduma ya Kwanza Haachi Kujifunza

Tuchukue mfano. Ni wakati wa palizi katika kijiji kimoja cha Lusu, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Msichana wa miaka 12 anapalilia karanga pamoja na mama yake. Ghafla anapiga kelele. Ameumwa na nyoka mguuni.

Majirani wanakimbilia pale. Mzee mmoja anakuja na wembe na kamba. Mzee huyu alifundishwa huduma ya kwanza mwaka 1978, naye amewasaidia watu wengi. Alifundishwa kuchanja jeraha, kunyonya sumu na kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha.

Kijana wa bodaboda anafika. Yeye alihudhuria mafunzo mwaka jana.

"Shikamoo babu," anasema. "Naomba tusimchanje."

"Marahaba. Mbona unanizuia, mjukuu wangu? Sumu itapanda!"

"Babu, hata sisi tulidhani hivyo. Muuguzi alitueleza kwamba kamba ikikazwa sana damu haifiki mguuni, na mguu unaweza kuoza. Wembe nao unaongeza jeraha. Sumu haitoki."

Mzee ananyamaza kidogo. Kisha anarudisha wembe mfukoni. "Basi nionyeshe la kufanya."

Wanamlaza mtoto na kumtuliza. Wanamvua bangili ya mguuni kabla mguu haujavimba. Wanaufunga mguu kwenye kipande cha ubao ili usitikisike, lakini hawakazi sana. Mtoto haruhusiwi kutembea hata hatua moja, kwa sababu misuli inapofanya kazi husaidia sumu kusambaa mwilini. Anabebwa hadi kwenye pikipiki. Anakaa katikati, na mzee anakaa nyuma akimshikilia. Wanakwenda moja kwa moja hospitalini mjini Nzega. Hawapotezi muda kumtafuta nyoka.

Je, mzee alikuwa mjinga?

Hapana, ndugu msomaji. Mzee alifanya yale aliyofundishwa. Elimu ilisonga mbele, lakini yeye hakuitwa tena darasani. Tazama jinsi jambo hili lilivyo zito: mtu mwenye moyo mwema alikaribia kumwumiza mtoto, kwa sababu alijifunza mara moja tu.

Kwa nini tujifunze tena?

Sababu ya kwanza: maarifa hubadilika. Mfano mwingine ni mtu aliyeanguka, hana fahamu na hapumui. Zamani watu wengi walifundishwa kuanza kwa kumpulizia pumzi. Mwaka 2010 mwongozo huo ulibadilishwa. Sasa, kwa mtu mzima ambaye moyo wake umesimama ghafla, tunaanza kwa kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kifua kishuke kiasi cha sentimeta 5. Lakini mtu aliyezama majini anahitaji pumzi mapema, kwa sababu amekosa hewa.

Sababu ya pili: mikono husahau. Jembe likiwekwa pembeni bila kutumika hushika kutu. Vivyo hivyo, mtu aliyejifunza kukandamiza kifua huanza kusahau baada ya miezi michache asipofanya mazoezi. Hata waganga na wauguzi wenye vyeti vikubwa hutakiwa kuendelea kujifunza wakiwa kazini. Sisi wa vijijini tutaachaje?

Tumewahi kufanya hivyo

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Hawakuishia kwenye maneno.

Baadaye yalikuja mambo mengine. Mwaka 2013 mpango wa m-mama ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga. Katika mpango huo, mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, simu inapigwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kawaida aliyeandaliwa huitwa kumsafirisha. Mwaka 2022 Serikali ilizindua uenezaji wa mpango huo nchi nzima. Hivyo dereva naye amekuwa sehemu ya matibabu. Naye anahitaji elimu, tena ya mara kwa mara.

Watu wa Tabora wanaijua safari ndefu. Katika njia ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mpagazi mmoja peke yake hakuweza kufikisha mali yote pwani. Walikwenda wengi, kila mmoja na mzigo wake. Kuokoa maisha ni safari ya namna hiyo. Anayemtuliza mgonjwa, anayepiga simu, dereva, muuguzi na mganga, wote wana mzigo wao. Mmoja akikosea, safari yote inaharibika.

Tufanye nini?

1. Kikundi kikutane kila baada ya miezi mitatu.
2. Mwalikeni muuguzi wa zahanati. Mwulizeni: "Ni jambo gani limebadilika?"
3. Fanyeni mazoezi kwa mikono. Mmoja ajifanye mgonjwa, wengine wamhudumie. Lakini msikandamize kifua cha mtu mzima wa afya. Tumieni mto au gunia lililojazwa pamba.
4. Andikeni katika daftari yale mliyojifunza, na tarehe.
5. Waalikeni wazee waliofundishwa zamani. Wana uzoefu, na watu huwasikiliza.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kijana alimwamkia mzee kwanza, kabla ya kumkataza?
2. Taja mambo matatu ambayo hatupaswi kumfanyia mtu aliyeumwa na nyoka.
3. Katika kijiji chenu, nani alifundishwa huduma ya kwanza? Ni mwaka gani?
4. Mgonjwa akipatikana usiku wa leo, nani ana chombo cha kumsafirisha?

Swali la nne mlijibu kabla hamjatoka darasani. Andikeni jina la mtu huyo ubaoni.